Chupa tupu haikuwa takataka

Wiki iliyopita niliingia duka la bidhaa za asili hapa Hamburg nikakuta dodoki. Limekatwa vipande vya urefu wa kiganja, kila kipande kimezungushiwa utepe wa karatasi, bei euro 6. Nilisimama mbele ya rafu nikalishika, nikalinusa. Ni lile lile linalotambaa kwenye ua wa jirani yetu Ngamiani, Tanga, ambalo ukilihitaji unabisha hodi unapewa. Pembeni yake kulikuwa na bakuli za kifuu cha nazi, vikapu vya kusuka na miswaki ya mwanzi. Watu wa hapa wanavinunua kwa nia njema kabisa, ili wapunguze plastiki nyumbani mwao.

Sina ugomvi na duka lile. Mtu aliyekulia kwenye sponji za plastiki, akihamia kwenye dodoki amepiga hatua ya kweli. Kilichoniuma ni kukumbuka kwamba mimi ndiye niliyemshawishi mama aache dodoki. Nilikuwa nimeanza kazi Dar es Salaam, nikirudi Tanga naleta vitu vya kisasa: mwiko wa plastiki badala ya upawa, mfuniko wa plastiki badala ya kawa la ukili, jagi la plastiki badala ya kata. Kikapu cha sokoni kilikuwa kimeshatupwa siku nyingi, mfuko wa rambo umekaa mahali pake. Niliamini naitoa nyumba yetu kwenye umaskini. Leo vitu vile nilivyovidharau ndivyo vinavyouzwa ghali Ulaya, na vile nilivyoleta vimepasuka vyote, sijui viko jalala gani.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko nyumbani mkiniandikia kuniuliza ninunue nini huku cha kuwaletea, kitu "rafiki wa mazingira", jibu langu ni kwamba sinunui kitu. Fungueni kwanza kabati la mama. Hata mimi hapa, mabadiliko makubwa niliyofanya hayakunigharimu kitu. Kanga mbili kuukuu nimezichana, ndizo zinazofutia meza na jiko, nimeacha kununua karatasi za kufutia. Birika likishika chokaa nalichemshia siki. Nguo nafua kwa maji ya digrii 30 na kuzianika ndani kwenye kichanja, mashine ya kukaushia sijawahi kuitamani, na bili ya umeme inaonyesha. Ni maisha ya kawaida ya uani kwetu, yamehamia ghorofa ya tatu.

Lakini kuna jambo moja la Ujerumani ambalo nalitaka kwa moyo wote lifike Tanga, nalo si bidhaa.

Tangu Januari 2003, ukinunua kinywaji cha kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja hapa, vinywaji vilivyo vingi unalipa senti 25 juu ya bei, amana ya ile chupa. Ukimaliza kunywa unairudisha dukani. Kuna mashine yenye tundu, unaingiza chupa, inasoma alama zake, inaimeza, mwisho inakutolea risiti. Unaipeleka kwa keshia, unarudishiwa hela yako. Chupa za bia za kioo, zinazooshwa na kujazwa tena, zina senti 8. Nilipofika mwaka wa kwanza niliona watu Jumamosi asubuhi wanakokota magunia ya chupa nikashangaa. Sasa nami nina gunia langu nyuma ya mlango.

Wengi nyumbani hudhani mitaa ya huku ni misafi kwa sababu watu wana tabia nzuri. Mimi nimekaa miaka 9, siamini hivyo. Vichungi vya sigara vimejaa kituo cha treni kama kawaida. Lakini chupa ya senti 25 hailali barabarani. Asiyeitaka mwenyewe huiweka chini pembeni ya pipa, asiitumbukize ndani, maana anajua kuna mtu atapita kuichukua. Wengi wa wanaopita ni wazee. Hilo linanihuzunisha kila nikiliona, bibi wa miaka 70 na kitu akimulika pipa kwa tochi, katika nchi tajiri kama hii. Nalisema kwa sababu sitaki mtu adhani huku kila kitu kimenyooka. Hata hivyo chupa zinarudi.

Na sisi tulikuwa nalo jambo hili! Mama alikuwa na duka dogo la barazani. Soda zote zilikuwa za kioo. Ukija na chupa tupu unabadilishiwa, ukija mikono mitupu unakunywa hapo hapo kwenye benchi, au unaacha hela ya chupa mpaka uirudishe. Sisi watoto tulitumwa na chupa tupu mkononi na onyo la kutosha, kwa sababu kuivunja ilikuwa hasara kamili. Lori la soda lililoleta kreti zilizojaa ndilo lililobeba zilizo tupu. Hakuna aliyeliita jambo lile utunzaji wa mazingira. Ilikuwa biashara, na haikuacha chupa hata moja mtaroni.

Kisha zikaja chupa za plastiki. Nyepesi, hazivunjiki, huachi hela, unaondoka nayo. Kreti za kioo bado zipo, lakini kila nikirudi likizo naona zimepungua dukani na plastiki zimejaa. Masika yakinyesha mitaro inaziba, maji yanaingia vyumbani, na ukizibua unatoa chupa juu ya chupa. Vijana wanaookota wanafanya kazi kubwa, ila wanalipwa kwa kilo, na kilo moja inakula chupa 50 hata zaidi. Wanachagua zinazolipa, zingine wanaziacha zisafiri mpaka baharini.

Nataka chupa ya plastiki iwekewe hela ya kurudishwa, kisheria, kwa kila kampuni inayojaza maji na soda. Nikilisema hili naambiwa sisi hatuna mashine zile. Mama hakuwa na mashine. Alikuwa na kreti, daftari na macho yake. Naambiwa pia wananchi watalalamika bei. Hela ile si bei, inarudi mfukoni, na asipoirudisha mnywaji atairudisha mtoto wa jirani apate daftari la shule. Mzigo ni wa kampuni, ambayo italazimika kurudisha lori kuchukua ilichokileta. Hapo ndipo pagumu, na ndipo serikali inapohitajika.

Wala tusijione tuko nyuma. Mifuko ya plastiki Zanzibar waliipiga marufuku 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Ujerumani ilipiga marufuku mifuko ile ya kwenye kaunta Januari 2022. Kwa hiyo wakati mama amesharudi kwenye kikapu, mimi huku nilikuwa bado napewa mfuko. Tuliweza lile, na hili tunaliweza.

Chupa za maji zina habari yake. Hapa nakunywa ya bombani, siku nzima, bila kuchemsha. Nyumbani mtu ananunua chupa kwa sababu haamini bomba, na sina haki ya kumlaumu. Maji ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, yanaletwa na Mto Zigi kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa hela kwa wawekezaji kwa miradi inayotunza mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia bidhaa yoyote ya rafu za huku. Bomba likiaminika, mtu hana sababu ya kununua chupa ya maji akiwa kwake.

Mkaa sijausahau. Mama ana mtungi mdogo wa gesi kwa chai na mayai, maharage bado anayapika kwa mkaa, na serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nami nina deni langu: nikipanda ndege mara moja kwenda na kurudi, madodoki yote ya duka lile hayaufidii moshi ule. Ndiyo maana sasa naenda kila baada ya miaka miwili na kukaa muda mrefu, badala ya wiki mbili kila Desemba.

Jana nilimpigia mama simu nikamweleza bei ya dodoki. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Mwanangu, euro 6 ni shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akasema amemwomba jirani manne yaliyokauka, binamu yangu anayekuja mwezi ujao atanibebea. Mbegu amezikung'uta kwanza. Amezipanda upande wetu wa ua.