Sigara mbona hamkuitaja?

Makala yenu kuhusu pombe na kongosho (tezi ya tumboni inayosaidia kusaga chakula) ni nzuri, ila pale mliposema pombe "inachoma" kongosho hadi linakauka, mmerahisisha mno. Kinacholikausha ni kovu, na kovu lenyewe linajengwa na seli za humo humo ndani, zenye umbo la nyota, ambazo watafiti wa Australia na Ujerumani walifaulu kuzitenga mwaka 1998. Kawaida zimetulia tu, zimehifadhi vitone vya mafuta yenye vitamini A. Pombe, moshi wa sigara (naam, hata kwa asiyekunywa!) au uvimbe wa kila mara ukiziamsha, vitone vinapotea, zinaongezeka na kuanza kumwaga kolajeni, protini inayojenga kovu. Seli za kinga hutoa TGF-beta, protini ya kupeleka ishara, inayozichochea, na zenyewe pia huitoa, kwa hivyo kazi ya kujenga kovu inaweza kuendelea hata mtu akishaacha chupa. Baadaye vimeng'enya vya kusaga chakula vinapungua, choo kinakuwa cha mafuta, kisukari kinafuata. Hapa Nairobi wengi wenye maumivu ya kongosho huishia kwa kemisti wa mtaani wakinunua dawa ya vidonda vya tumbo. Dawa iliyoidhinishwa ya kuzituliza seli hizo bado haipo. Mhariri, wiki ijayo tuandikieni kuhusu vimeng'enya vya kumeza na bei yake.