Wagonjwa 11, namba moja ya simu

Juzi kwenye kikao alisimama kijana aliyetengeneza programu yetu ya kuripoti magonjwa, akatuonyesha ukutani maneno haya: "Changamoto kuu: watumiaji wanaingiza takwimu chafu." Hakusema kwa dharau. Alieleza taratibu kwamba seva haina shida, ramani inachora, tahadhari zimejaribiwa na zikafanya kazi. Kinachokwamisha, alisema, kiko vituoni: wauguzi wanarudia namba moja ya simu kwa wagonjwa tofauti, na tarehe za kuanza dalili zinaangukia mno tarehe mosi ya mwezi. Dawa aliyoipendekeza ni semina ya siku mbili. Nikanyoosha mkono, lakini muda ulikuwa umekwisha na watu wameanza kukusanya mafaili. Kwa hiyo naandika hapa, maana neno "chafu" limekataa kunitoka kichwani.

Namba hiyo naijua. Ni ya muuguzi mmoja niliyekaa naye asubuhi nzima nikimwangalia anavyofanya kazi. Benchi limejaa, kishikwambi ni kimoja, kioo chake kimepasuka pembeni. Akaletwa bibi anayeharisha maji maji tangu usiku, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Muuguzi akamwekea dripu kwanza, kama inavyopasa, ndipo akafungua fomu. Jina, umri, jinsia, mahali anapoishi. Kisha namba ya simu, yenye kinyota chekundu. Bibi hana simu. Muuguzi akaacha wazi. Kitufe cha kutuma kikabaki kijivu. Akaandika sifuri kumi. Fomu ikamwambia namba si sahihi. Akanigeukia: "Kaka, nikiacha hapa haitumi. Isipotuma, huko juu kwenu huyu bibi hajaumwa." Akaandika namba yake mwenyewe, kitufe kikawaka kijani, akamwita anayefuata.

Sasa angalia kilichotokea huko juu. Ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili, programu ilikuwa imepangwa kuunganisha taarifa zote zenye namba moja ya simu ndani ya wiki moja. Kwa siku 3 watu 11 wasio na simu waliingia kwa namba ile ya muuguzi. Kwenye ramani ya ofisini ikaonekana nukta moja, mgonjwa mmoja. Hakuna tahadhari iliyotoka. Tulijua kwa sababu usiku wa siku ya tatu muuguzi mwenyewe alinipigia: "Kaka, mbona hamji?"

Mbona hamji. Alikuwa ametimiza kila alichofundishwa. Alimtibu mgonjwa kwanza, akajaza fomu siku ileile, akatuma, akaona alama ya kijani, akaamini kuna mtu upande wa pili anaona anachokiona yeye. Siku 3 aliamini hivyo, huku dripu zikimwishia.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi kila nikilikumbuka. Timu ya ufuatiliaji ilipofika na kutaka kuwapata wagonjwa wale waulizwe wanachota maji wapi, ilipiga namba iliyokuwa kwenye fomu. Akapokea yeye. Akawapeleka nyumba kwa nyumba, zote 11, kwa kuwa anajua kila mmoja anakaa wapi. Tunamwomba mgonjwa namba ya simu ili tuweze kumfikia. Muuguzi alitupa namba pekee duniani ambayo ingetufikisha kwa bibi yule. Huo ndio uliooneshwa ukutani kuwa uchafu.

Nisimwonee kijana. Nilirudi kwenye kumbukumbu za vikao nikatafuta nani aliweka kile kinyota chekundu. Tuliweka sisi, watu wa afya. Tulitaka kila mgonjwa afuatiliwe kwa simu, tukaandika "lazima", tukampa kijana orodha yenye vipengele zaidi ya 50 na wiki 3 za kuitengeneza. Mimi nilikuwamo ukumbini na sikusema neno. Yeye alijenga tulichomwagiza. Kosa lake ni kwamba hakuwahi kukaa kwenye lile benchi. Kosa letu ni kwamba hatukuwahi kumpeleka, na muuguzi hatukumwita kwenye kikao hata kimoja kabla ya siku ya mafunzo, wakati kila kitu kimeshafungwa.

Hayo ndiyo ninayoyapinga. Tunaita ushirikiano pale wakubwa wa afya wanapokutana na wakubwa wa teknolojia, wakapiga picha ya pamoja, kisha anayejaza fomu akaletewa kishikwambi na nywila. Mimi nasema anayejaza fomu awepo fomu inapochorwa, awe na sauti ya kusema kipengele hiki hakijazwi, na akisema hivyo kifutwe au kibadilishwe siku hiyohiyo mbele yake. Kama hayupo, kikao kiahirishwe.

Kuna watu walikuwa na mitambo kuliko sisi sote na bado waliteleza. Google walianzisha Google Flu Trends mwaka 2008, wakikadiria mafua kwa kuangalia maneno ambayo watu wanayatafuta mtandaoni. Mlipuko wa kwanza wa mafua ya H1N1 mwaka 2009 uliwapita. Msimu wa 2012/13 makadirio yao ya watu wanaokwenda kwa daktari yalifika karibu maradufu ya yale ya taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliyokuwa ikipokea hesabu kutoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 2015 huduma hiyo ikafungwa. Anayetafuta "homa" mtandaoni anaweza kuwa ametishwa na habari tu. Muuguzi aliyemshika mgonjwa mkono anajua tofauti hiyo ndani ya dakika moja.

Nigeria wao walianzia upande wa pili. Ebola iliingia Lagos Julai 2014, ikazimwa kufikia Oktoba: wagonjwa 20, vifo 8, na watu karibu 900 waliokutana nao wakafuatiliwa mmoja mmoja. Baada ya hapo waliofanya kazi ile ya miguu wakaketi na waandishi wa programu na wanasayansi kutoka Ujerumani, wakajenga mfumo unaoitwa SORMAS kwa kufuata kazi halisi ya kila mtu: anayefuatilia waliokutana na mgonjwa ana ukurasa wake, wa maabara ana wake, afisa wa ufuatiliaji ana wake. Mwaka 2017 mpox ilipoibuka nchini humo, ugonjwa huo ukaongezwa kwenye mfumo na kazi ikaendelea.

Najua nitaambiwa nataka turudi kwenye makaratasi. Sitaki. Mtoto wa kijiji cha Meliandou nchini Guinea, anayeaminika kuwa mgonjwa wa kwanza wa mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, alifariki Desemba 2013, na Ebola ikatambuliwa rasmi Machi 2014. Miezi 3 ugonjwa ulitembea bila jina. Mwenye kujua hilo hawezi kuitamani tena bahasha ya ripoti ya wiki inayosubiri gari. Nakubali pia kwamba programu nzuri ingeweza kuniamsha usiku wa siku ya kwanza badala ya ule wa tatu.

Mengine nayasema kwa ufupi. Mtandao ukikatika, fomu ijihifadhi yenyewe. Majina ya wagonjwa yasitembezwe kwenye makundi ya simu. Hilo halina mjadala. Kituo kilichoripoti sifuri kisipakwe rangi moja na kituo ambacho kishikwambi chake kimezima, maana hiyo sifuri mtu ameihesabu na ule ukimya hakuna aliyeuhesabu. Daktari wa mifugo awemo tangu mwanzo, maana magonjwa mengine huanzia kwa wanyama. Na anayeripoti arudishiwe majibu: AfyaData, programu ya simu ya kuripoti magonjwa iliyotengenezwa na wataalamu wa SACIDS, kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuambukiza pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ilijengwa na njia ya kurudisha taarifa kwa aliyeituma. Muuguzi wetu ametuma ripoti kwa miaka na mpaka usiku ule hakuwahi kupata hata neno "tumeona".

Kijana nilimpata nje ya ukumbi akisubiri usafiri. Nikamsimulia habari ya bibi na ile namba. Alinyamaza muda, kisha akauliza, "Kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba kuna wagonjwa hawana simu?" Sikuwa na jibu. Akasema kisanduku cha "hana simu" ni kazi ya nusu saa, na kanuni ya kuunganisha taarifa anaweza kuibadilisha usiku uleule. Nusu saa. Nimeirudia nusu saa hiyo kichwani njia nzima nikirudi nyumbani.

Jumatatu tunakwenda naye. Nimemwomba aiache kompyuta, aje na daftari na kalamu, akae kwenye benchi tangu saa moja asubuhi mpaka foleni iishe. Muuguzi nimeshampigia kumwarifu. Aliuliza jambo moja tu: kama ataruhusiwa kumwonyesha na ile sehemu ya tarehe.