Omnis si "-ote" tu

Ukijifunza Kilatini ukaandika daftarini "omnis = -ote" ukaishia hapo, umejitegea mtego. Kwanza tazama idadi. Omnes homines ni watu wote, hapo hakuna shida. Lakini Zaburi ya Kilatini inasema omnis homo mendax, na Kiswahili hakina "mtu wote". Katika umoja, omnis mara nyingi ni "kila": kila mtu ni mwongo.

Mara nyingi, si daima. Julius Caesar, jemadari wa Roma, anafungua kitabu chake cha vita vya Gallia (takriban Ufaransa ya leo) kwa Gallia est omnis divisa in partes tres. Gallia ni moja, kwa hiyo "kila Gallia" haiji. Ni Gallia kwa ujumla wake, imegawanyika sehemu tatu. Kipimo changu ni hiki: kitu kikiwa cha aina yake peke yake, sema "nzima", kikiwa kimoja miongoni mwa wenzake, sema "kila".

"Nzima" hasa ni kazi ya totus. Totus hukichukua kitu bila kukikata, omnis huhesabu vilivyomo. Caesar huyo huyo anasema Wahelvetii, kabila alilopigana nalo, walitembea tota nocte, na sisi tuna neno lake tayari: usiku kucha. Angalia tu maumbo yake, kwani jenitivu (umbo la umilikaji, "ya") ni totius na dativu (umbo la mpewa, "kwa") ni toti kwa jinsia zote. Wanaoandika totae wanafuata mazoea ya bona, "njema", ambayo jenitivu na dativu yake ni bonae.

Maumbo ya omnis yanaharibiwa na irabu moja, i. Ablativu (umbo la "kutoka", "kwa" au "katika") ni omni, si omne: ex omni parte, kutoka kila upande. Jenitivu ya wingi ni omnium, na wingi usio wa kike wala wa kiume ni omnia. Dativu na ablativu ya wingi ni omnibus, "kwa wote", na humo ndimo lilimotoka basi tunalopanda: shina zima limedondoka, kikabaki kimkia. Omnis yenyewe inaweza pia kuwa jenitivu ya umoja, na kwa mshairi wa Roma Vergilius hata wingi wa watendwa, badala ya omnes. Ndiyo maana nasema soma kitenzi kabla ya kutafsiri.

Likisimama bila nomino, omnes ni watu na omnia ni vitu. Kanuni ya Imani inasema per quem omnia facta sunt. Humo ni "vitu vyote", na "vitu" usivitafute kwenye Kilatini, havimo.

Penye ukanushi Kiswahili chetu ndicho kinacholegea. "Wanafunzi wote hawakuja": hakuja hata mmoja, au wengine walikuja? Kilatini hukata shauri kwa mpangilio. Non omnes venerunt ni si wote waliokuja. Kama hakuja yeyote, nemo venit. Vergilius anasema non omnia possumus omnes, sote hatuwezi yote. Sisi tunabadilisha sote, nyote, wote. Kilatini kinaacha omnes vilevile, possumus ndiyo inayosema ni sisi.

Horatius, mshairi mwingine wa Roma, naye: non omnis moriar. Omnis hapa inamhusu msemaji mwenyewe, na "sitakufa wote" haisemeki. Ningeandika "sitakufa nikaisha", ingawa humo hakuna -ote wala kila.