Posa ya kompyuta

Sisi tuliokulia Mwanza tumeimbiwa tangu utotoni kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jaribu kwenda na methali hiyo kwenye usaili wa daktari anayetaka kusomea ubingwa Marekani, uone.

Mitihani yenyewe haikunitisha sana. Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari kule, tangu Januari 2022 haitoi tena alama, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo wanaokuchagua wanakodolea macho alama za Step 2. Kilichonitesa ni kuwaza kama daktari wa kule. Mwanaume wa miaka 40 anatapika damu, bandama limevimba. Mimi niliyekuwa intani hospitali ya Bugando, Mwanza, akili inaruka moja kwa moja visiwa vya Ziwa Victoria: mvuvi huyu, kichocho kimemla ini. Jibu lao ni pombe. Nililikosa swali la namna hiyo mara tatu kwenye mazoezi, mpaka nikakubali kwamba mgonjwa wao hajawahi kukanyaga Ukerewe.

Nyumbani, mtihani wa mwisho una mgonjwa kweli. Unapelekwa kitandani, unaongea naye (akiwa bibi wa Kisukuma asiyejua Kiswahili, utajua mwenyewe), unambonyeza tumbo, halafu maprofesa wanakukaanga kwa maswali. Kule walikuwa na mtihani wa mgonjwa wa kuigiza, wakaufuta Januari 2021. Siku hizi ni wewe na kompyuta tu. Hapo tunawashinda, na nisemwe.

Basi usaili. Nilijifungia chumbani Nyegezi, tai shingoni, kaptula chini, bando la kutosha. Wakaniuliza: kwa nini tukuchukue wewe? Nikajibu kistaarabu kwamba najitahidi, mengine walimu wangu ndio wanayajua. Kimya. Rafiki yangu aliyetangulia akanigombeza usiku uleule: "Kaka, pale hakuna wa kukusemea! Jisemee!" Sikuweza kujisifu hivihivi, ulimi uligoma. Usaili wa tatu nikamsimulia tu mvuvi mmoja niliyempokea usiku wodini, shati lote damu, na nilichofanya tangu dakika ya kwanza. Muulizaji akaweka kalamu chini akaanza kuuliza habari za ziwa. Ndiko niliko leo, Chicago.

Mwenye haki apewe haki yake: huku anayesomea ubingwa ni mwajiriwa, analipwa mshahara. Nyumbani, miaka 3 ya MMed, shahada ya ubingwa, ukikosa mfadhili unalipa ada mwenyewe na zamu za usiku unakesha vilevile. Hili linaniuma kuliko yote.

Kabla majibu hayajatoka, mama nilimweleza utaratibu wa kupata nafasi kwenye simu. Mimi napanga hospitali ninazozitaka, nazo zinapanga watu zinaowataka, kompyuta inaoanisha, majibu Machi.

"Posa hiyo," akasema. "Ila mshenga hana mdomo. Na mahari anatoa nani?"

"Mimi, mama. Nimeshalipia maombi hospitali 80."

"Na wangapi wamekuita?"

"Wanne."

Akacheka mpaka simu ikakatika.