Nakuru inahitaji nyumba ya vyumba sita

Huu ni mwaka wangu wa saba Leeds, Uingereza, nikifanya kazi katika nyumba wanamoishi vijana sita waliotoka wodi ya magonjwa ya akili. Wengi wana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Si hospitali, mpita njia haitambui kati ya nyumba za mtaa ule. Kila kijana ana chumba na ufunguo wake, jiko ni la wote, na usiku mfanyakazi mmoja hulala humo humo.

Sehemu kubwa ya kazi yetu ni subira. Tazama dawa tu. Kijana akiwa mgeni, vidonge vyake hukaa kwenye kabati letu lenye kufuli, naye hupewa saa ikifika. Akizoea, anakabidhiwa vya siku moja, na kesho yake tunahesabu pamoja. Baadaye vya wiki nzima. Akiteleza, tunarudi hatua moja, bila makelele. Yupo aliyechukua miezi minane kufika hapo pa wiki, na hakuna aliyemwita mvivu.

Mdogo wangu aliporuhusiwa kutoka hospitalini huko nyumbani, alipewa bahasha ya vidonge na tarehe ya kurudi. Basi. Mama anauza mboga, saa kumi alfajiri yuko njiani kwenda sokoni, na kwetu Bondeni, mtaa wa Nakuru, ni chumba kimoja na pazia katikati. Wiki ya pili mikono ya mdogo wangu ilitetemeka hadi chai ikawa inajaa kwenye kisahani, na shingo ikakakamaa. Mama alidhani ugonjwa umezidi. Kumbe ni dawa, na daktari angeweza kuzipunguza au kuzibadilisha, lakini nani angemwambia? Kijana akaziacha mwenyewe. Mwezi haukwisha, majirani wakamfunga kamba, akarudishwa wodini.

Mama hakukosea popote, na hilo ndilo linaloniuma. Aliachiwa peke yake kazi ambayo huku tunaipokezana kwa zamu, tunalipwa, na tukitoka tunakwenda kulala.

Walikuwepo waliomshauri ampeleke rihabu. Rihabu tunazo, lakini nyingi ni za pombe na bangi. Kijana anayesikia sauti hawezi kukemewa mpaka zinyamaze.

Uingereza, kifungu cha 117 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 kinawalazimu wakuu wa afya na halmashauri kuwahudumia bure, baada ya kutoka, wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa matibabu. Kwetu Kenya, marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yamezipa kaunti jukumu la matibabu na urekebishaji. Kwa hiyo sheria ipo. Ninachodai ni nyumba ya kupangisha karibu na steji ya matatu, isiwe nyuma ya ukuta mrefu nje ya mji, na watu waliofunzwa wa kushika zamu.

Tena naamini ingeishinda hii ya Leeds. Hapa Jumapili sebule iko kimya, na kuna kijana ambaye simu yake haijalia tangu Krismasi. Bondeni, wale wale waliomfunga mdogo wangu kamba ndio waliomletea uji aliporudi.

Juzi Mama aliniuliza kwa simu nyumba yetu ina vitanda vingapi. Nikamwambia sita. Akaanza kunitajia wazazi anaowajua wenye mtoto kama wake. Alifika wanane, na bado hajavuka mtaa wetu.