Fonti za mwandiko wa mkono: zinapofaa na zinapoharibu

Mwaka 1994 Vincent Connare, mbunifu wa herufi wa Microsoft, alimwona mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft Bob akizungumza, maneno yake yameandikwa kwa fonti (yaani aina ya herufi) ya Times New Roman. Mbwa wa kuchekesha, herufi za gazeti! Akachora herufi za mduara zenye sura ya maandishi ya vitabu vya katuni, zikaitwa Comic Sans. Hazikuwahi kuingia kwenye Bob, lakini baadaye zilikuja na Windows, na leo kila stesheneri inazo.

Wanaozikataa nawaelewa. Niliwahi kuona tangazo la msiba limebandikwa mlangoni kwa fonti ya kuchezacheza, ileile ya kadi za siku ya kuzaliwa kwa watoto. Jina la marehemu lilikuwa linarukaruka. Aliyechapa hakuwa na nia mbaya. Alitaka upole, akapata utani. Tarehe 4 Julai 2012, mwanafizikia Fabiola Gianotti alipowasilisha pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, matokeo ya utafutaji wa chembe ya Higgs, chembe ndogo mno ya fizikia, slaidi zake zilikuwa za Comic Sans, na watu wengi wakajadili herufi badala ya fizikia. Hapo naona waliomcheka walikosea zaidi yake, ila somo kwa mbunifu lipo: msomaji huona sura ya herufi kabla ya neno.

Upande wa pili una uzito ambao wabunifu wengi hawataki kuusikia. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kuandika "a" ya duara na kijiti, kisha anafungua kitabu anakuta "a" yenye kofia. Comic Sans inampa ile aliyoiandika mwenyewe kwenye daftari. Pia I kubwa (ya "i") na l ndogo (ya "L") hazifanani, jambo linalowasaidia wanaohangaika kusoma. British Dyslexia Association, chama cha Uingereza cha wenye shida ya kusoma iitwayo dyslexia, imeiweka miongoni mwa fonti inazopendekeza. Kwa kitabu cha kujifunzia kusoma, mimi ningeichagua bila aibu.

Kinachonisumbua ni mwandiko wa mkono wa kuigiza. Andika "maandazi" kwa fonti ya namna hii: "a" tatu, zote pacha. Mchora mabango angeandika ya kwanza pana, ya pili imebanwa, ya tatu ikiegemea "z". Fonti za sasa hubeba maumbo mawili matatu ya kila herufi na kuyapokezanisha, na hilo husaidia, lakini jicho hugundua mapema.

Kwa hiyo, ukitaka mwandiko wa mkono kwenye jina la mgahawa, mlipe mchora mabango aliandike mara moja, lipigwe picha, liwe nembo. Orodha ya vyakula na bei ziache kwenye herufi za kawaida, maana mteja anayesoma 1,500 hatakiwi kukisia kama ile ya mwanzo ni 1 au 7.