Mwacheni, Ana Mechi Jumamosi

Mke wa mchezaji mmoja wa timu yetu hapa Busia, Uganda, alipigwa usiku, na majirani walisikia kila kitu. Kulipokucha akaenda polisi, akapewa PF3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, akaipeleka kwa daktari ikajazwa. Kabla ya magharibi wageni walikuwa wameshajaa barazani kwa mama yake: mjomba wa mume, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na viongozi wa tawi letu la mashabiki. Walikuja na sukari na mchele. Wakaketi, wakajulia hali kila aliyekuwepo isipokuwa yule aliyepigwa, kisha mmoja akatamka kilichowaleta: "Mwanangu, mwache kwanza. Ana mechi Jumamosi."

Akarudi polisi kusema amesamehe. Jumamosi mume akacheza dakika zote 90, na jukwaa letu likaimba jina lake hadi kipenga cha mwisho. Sitamtaja, wala timu sitaitaja, kwa sababu mji huu ni mdogo na yule dada bado analala nyumba ileile. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu siku ile na leo nalitoa.

Mimi ni shabiki. Nalisema mapema asije mtu akaniambia sijui mpira. Nimekua nikisikia hadithi za Cranes, timu yetu ya taifa, wa 1978 waliofika fainali Accra, na tuliporudi Kombe la Afrika 2017 baada ya miaka 39 nililia kama mtoto. Mganda mwenzetu Kiprotich alipochukua dhahabu ya marathoni London 2012, mtaa wetu haukulala. Kwa hiyo najua ushindi unavyomfanyia mtu maskini wa nchi hii, na najua kwa nini watu wako tayari kuulinda. Ndiyo maana ninaumia zaidi. Wale wageni barazani waliweka jicho la mwanamke upande mmoja na pointi tatu upande wa pili, na hawakuhitaji muda mrefu kuamua.

Nimeambiwa, "Dada, hayo ni ya kila nyumba, usiwasakame wanamichezo." Ni kweli ni ya nyumba nyingi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa Uganda waliowahi kuolewa wamefanyiwa ukatili na waume au wenzi wao. Wazee wa suluhu wanaingia kila ua. Lakini mke wa nyota wa mji ana mzigo ambao mke wa fundi baiskeli hana, na huo ndio ninaotaka tuutazame vizuri, kwa sababu tumeufunga sisi wenyewe.

Mke wa fundi baiskeli akienda polisi anakutana na aibu ya ukoo na uzito wa askari. Hayo peke yake yanatosha kumrudisha mtu njiani. Mke wa nyota anakutana na hayo, halafu anakutana na sisi. Askari anayeandika maelezo yake ni shabiki. Anayejaza ile fomu alikuwa uwanjani wiki iliyopita. Mwenye boda aliyempeleka ameweka picha ya mume huyohuyo kwenye pikipiki yake. Muuza nyanya atamuuliza kama kweli anataka tushuke daraja. Timu ikifungwa wikiendi hiyo, lawama haitamwendea kocha aliyepanga vibaya wala kipa aliyetema mpira, itamwendea yeye. Watoto wake wataisikia shuleni. Mama mkwe ataisikia msibani. Yote hayo anayajua kabla hajavuka kizingiti, na mume wake anayajua pia, ndiyo maana anainua mkono bila haraka na bila hofu. Ana uhakika kwamba kesho yake mji mzima utakwenda kumtetea kwa niaba yake, naye hatatoa hata senti ya nauli.

Jamani, mapenzi yetu kwa mchezaji yameshakuwa sehemu ya nguvu za mkono ule. Sijui kulisema kwa upole kuliko hivyo.

Na si Busia tu. Mahali pengine hata mahakama imesubiri mechi. Bondia Floyd Mayweather alimpiga mama wa watoto wake nyumbani Las Vegas mwaka 2010, watoto wakiona. Alikiri kosa lililopunguzwa uzito, akahukumiwa jela siku 90, na kifungo kilikuwa kianze Januari 2012. Mawakili wake wakaeleza jinsi pambano la Mei lingeuingizia mji fedha, jaji akasogeza kifungo hadi Juni. Mayweather akapigana na Miguel Cotto, akashinda, akalipwa mamilioni ya dola, ndipo akaingia jela, na baada ya miezi miwili alikuwa nje. Alipopigana na Pacquiao mwaka 2015, vibanda vyetu vya video vilijaa asubuhi ya Jumapili. Sikumsikia mtu hata mmoja akimtaja yule mwanamke.

Au mchukueni Ray Rice wa Baltimore Ravens, timu ya mpira wa Kimarekani. Februari 2014, ndani ya lifti ya kasino kule Atlantic City, alimpiga ngumi mchumba wake akazirai. Video ya kwanza ilimwonyesha akimburuta nje ya lifti. Mwezi Mei, wakiwa wameshaoana, klabu ikamkalisha yule mwanamke mbele ya waandishi wa habari, halafu ikatangaza kwamba anajutia sehemu yake katika mambo ya usiku ule. Aliyezirai ndiye aliyejuta! Julai ligi ikampa Rice adhabu ya kukosa mechi mbili, na mazoezini mashabiki wakasimama kumshangilia. Septemba ikatoka video ya pili, safari hii ngumi yenyewe inaonekana, na siku hiyohiyo klabu ikamfukuza. Lakini tangu Februari wote walijua kwamba mwanamke yule aliingia kwenye lifti akitembea na akatoka akiburutwa. Hawakukosa habari. Walikuwa wakipima kama kelele zitawagharimu zaidi kuliko mchezaji.

Ninapomfikiria yule dada wa hapa akirudi polisi kusema amesamehe, namwona pale mezani Baltimore, na klabu imeketi pembeni yake.

Atakayesema hayo ni ya Marekani, apande gari hadi Bukwo, kwao Rebecca Cheptegei. Rebecca alikuwa mwanamichezo mwenyewe, sajini wa UPDF, jeshi letu, mwenye dhahabu ya dunia ya mbio za milimani aliyoipata Thailand mwaka 2022. Agosti 11, 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Jumapili ya Septemba 1 alikuwa anarudi kutoka kanisani na binti zake, nyumbani kwake Endebess, Kenya, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa Suam, mwanamume aliyekuwa mwenzi wake akammwagia petroli na kumwasha moto. Zaidi ya asilimia 80 ya mwili wake iliungua. Alifariki Septemba 5 katika hospitali ya Moi, Eldoret. Yule mwanamume naye akafa siku chache baadaye kwa majeraha ya moto uleule.

Tuliomboleza vizuri. Septemba 14 alizikwa Bukwo kwa heshima za kijeshi, jiji la Paris likaahidi kuupa uwanja wa michezo jina lake, viongozi wakaja, hotuba zikasomwa. Lakini nilisoma pia yaliyoandikwa na watu wetu kwenye simu zao wiki ile. Kwa nini alinunua kiwanja Kenya? Kwa nini alimwamini mwanamume yule? Kwa nini hakuondoka mapema? Marehemu alikuwa hajaingia kaburini na tayari anahojiwa. Alikuwa ameachana naye! Na ule mzozo wao wa kiwanja, baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba ulikuwa umeshafikishwa polisi. Mambo mawili tunayowaambia wanawake kila siku, ondoka na ripoti, Rebecca aliyafanya yote mawili. Sasa anayeuliza kwa nini hakuondoka anatafuta nini?

Kabla yake mkimbiaji wa Kenya Agnes Tirop aliuawa Iten, Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Hata baada ya hapo waandishi waliendelea kuandika juu ya fedha zake na nani alikuwa anazishika.

Tazameni basi mambo yanavyokwenda. Mwanamume akiwa ndiye nyota, tunamwambia mke asimharibie kazi. Mwanamke akiwa ndiye nyota, tunauliza alimfanya nini mwanamume. Popote jina kubwa lilipo, mwanamke ndiye anayejibu maswali.

Na msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani tunayo tangu 2010. Inasema wazi kwamba kukubali kwa aliyefanyiwa si utetezi wa aliyefanya. Inatoa kifungo cha hadi miaka miwili, au faini isiyozidi shilingi 960,000, au vyote viwili. Imeipa mahakama ya LC uwezo wa kusikiliza mashauri haya, kuamuru fidia, na kuyapeleka polisi na kwa hakimu pale hatari inapokuwa kubwa au mtu anaporudia. Mwenyekiti aliyekaa barazani siku ile alikuwa na mamlaka ya kumsikiliza yule dada kisheria. Alikuja kumbembeleza.

Mpira nao unajua kulinda mwili wa mtu unapotaka. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataka mchezaji anayempiga mwamuzi afungiwe angalau mechi 15, au kipindi kinacholingana na kosa lake. Hakuna anayekwenda nyumbani kwa mwamuzi kumwomba asiandike ripoti kwa sababu kuna mechi Jumamosi. Akienda, ataitwa mpanga matokeo. Mwili wa mwamuzi ni wa thamani, na ni haki. Naomba thamani hiyohiyo kwa mwanamke aliyeko jikoni.

Halafu tukumbushane baadhi ya klabu kubwa za nchi hii ni za nani. Police ni ya polisi. Maroons ni ya magereza. UPDF ni ya jeshi, URA ni ya watoza ushuru, KCCA ni ya jiji. Wanariadha wetu wengi wamevaa sare za serikali na wana vyeo. Mshahara wa mchezaji wa klabu hizo unatoka katika kodi anayolipa mama anayeuza samaki pale mpakani. Mwajiri wa namna hiyo hana ruhusa ya kusema mambo ya nyumbani hayamhusu. Askari akipoteza bunduki anaitwa mbele ya wakubwa siku hiyohiyo, basi akimvunja mke taya aitwe siku hiyohiyo pia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaosingiziwa. Basi uchunguzi ufanyike, na unapoendelea mchezaji akae nje na mshahara wake. Hakuna aliyekufa kwa kukosa mechi tatu. Wapo pia wanaume wanaopigwa, na mmoja wao akienda polisi nitakuwa upande wake vilevile.

Lililo gumu zaidi kwangu ni njaa. Yule dada hakusamehe kwa sababu ya mchele wa kilo chache. Alisamehe kwa sababu mume akifungwa, kodi ya nyumba haitalipwa, na ada ya watoto ni ya mchezaji huyohuyo. Mishahara ya mpira wetu wenyewe mnaijua, inavyochelewa na ilivyo midogo. Hapa sina maneno makali ya kumwambia yeye. Ninayo ya kuwaambia viongozi wa klabu: mnakata mishahara ya wachezaji kwa kuchelewa mazoezi, mnaweza pia kuikata nusu na kumpa mke mkononi kesi inapoendelea. Mkitaka njia, mtaiona.

Mkutano mkuu wa tawi letu ni mwisho wa mwezi huu. Nitasimama, nitaomba iandikwe kwenye katiba yetu kwamba kiongozi yeyote wa mashabiki atakayekwenda kumshawishi mtu aliyepigwa na mchezaji aondoe mashtaka, uongozi wake umekwisha siku hiyo, na kwamba mchezaji mwenye kesi ya namna hiyo hataimbwa jukwaani kwetu hadi kesi iishe. Baadhi ya wenzangu wameshaniambia nitazomewa. Hoja ikikataliwa, nitamrudishia katibu kadi yangu ya uanachama hapohapo, mbele ya wote, na nitaeleza kwa nini.